Mwalimu Mkuu Hufunzwa na Nani?

Kila mwaka watu wa Mombasa huwaona. Huja kwa mabasi na kwa reli, wamevaa suti za bara ambazo jua letu halizihurumii, na kwa siku kadhaa vyumba vya kulala huwa haba mjini. Hao ni walimu wakuu. Wa shule za msingi wana chama chao, KEPSHA. Wa shule za upili wana KESSHA. Na kwa miaka mingi vyama vyote viwili vimekuwa vikiuchagua mji wetu kwa mkutano mkuu, mara nyingi katika ukumbi wa Sheikh Zayed ulio njia ya kwenda Malindi. Waziri huja akahutubu, Tume ya Kuwaajiri Walimu huja ikaeleza sera zake, na magazeti huandika juu ya karo na migao ya serikali iliyochelewa. Kisha wageni hushuka Mama Ngina kula mihogo, wakapiga picha na bahari, wakarudi makwao.

Sisi wenyeji hutazama na kuhesabu faida ya wenye hoteli na wenye tuktuk. Ni wachache mno kati yetu waliopata kujiuliza: watu hawa, ambao kila mmoja amekabidhiwa watoto mia tano, mia nane, hata elfu na zaidi, walijifunza wapi kazi hii? Ualimu walisomea chuoni, hilo twalijua. Lakini ualimu mkuu je?

Swali hili lilitujia tukiwa mbali na Pwani, katika Ainabkoi. Kwa msomaji asiyepajua, Ainabkoi ni eneo bunge la kaunti ya Uasin Gishu. Linaanzia mitaa ya Kapsoya mjini Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Agosti 2024, likapanda hadi Kaptagat wanakofanyia mazoezi wakimbiaji mashuhuri wa dunia, likaendelea hadi mashamba ya ngano, mahindi na viazi, kulikojengwa stesheni ya reli ya zamani yenye jina hilo hilo la Ainabkoi. Ni nyanda za juu sana. Asubuhi ukungu hulala juu ya majani ya ng'ombe, na mtu wa Pwani hulala na soksi. Binti wa kaka yetu anafundisha huko mwaka wa saba sasa, maana Tume huajiri kwa nchi nzima na barua ya ajira haichagui hewa. Ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya upili ya kutwa, ya wavulana na wasichana pamoja, yenye bweni moja dogo la wasichana watokao mbali.

Tulikwenda kumzuru kwa jambo la kifamilia, na jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwalimu mkuu wake anakaribia umri wa miaka 60, ambao ndio wa kustaafu. Nafasi za ukuu zikitangazwa, binti yetu ana sifa za kuomba. Wazee nyumbani wamekwisha kusema kwamba imetosha, na arudi Pwani, hata kwa cheo hicho hicho cha unaibu. Yeye akatuambia, "Ami, nikiomba nikapata, nitakuwa nimejifunga huku. Nikirudi, nitakuwa nimeyaacha yote niliyojifunza kwa mzee huyu. Nanyi hamjaniuliza nimejifunza nini." Maneno haya ya mwisho yalitunyamazisha, kwa kuwa ni kweli hatukuwa tumemwuliza. Basi tukamwuliza, na makala haya ni sehemu ya jawabu lake, pamoja na tuliyoyatafuta wenyewe baadaye.

Wazee wetu wa Lamu na Pate hawakumkabidhi mtu jahazi kwa sababu ni mwogeleaji hodari. Alianza kwa kufua maji ngamani, akapika, akapandisha tanga, akawa sarahangi, akakaa miaka mingi karibu na usukani akimtazama nahodha anavyozisoma kusi na kaskazi, na anavyosema na mabaharia chakula kinapopungua. Chuoni kwetu vilevile, mwanafunzi hakupewa ijaza ya kusomesha kitabu mpaka awe amekisoma mbele ya mwenye ijaza, harufi kwa harufi, na tena awe amewasomesha wadogo huku shekhe akisikiliza. Hakuna aliyedhani kwamba kukijua kitabu na kuongoza chuo ni elimu moja.

Katika shule zetu za serikali, hili ndilo lililodhaniwa kwa muda mrefu. Mwalimu bora wa hesabu huondolewa darasani, mahali anapofaa kuliko wote, akaketishwa ofisini. Shule hupoteza mwalimu mzuri wa hesabu ikapata mkuu asiyejulikana.

Serikali haikukosa kuliona tatizo. Mwaka 1981 ilianzishwa taasisi ya kuwafunza wasimamizi wa elimu, iliyojulikana kwa jina la KESI. Mwaka 1988 ikapewa nguvu ya kisheria, na mwaka 2010 ikabadilishwa jina na kuwa Taasisi ya Usimamizi wa Elimu ya Kenya, yaani KEMI. Makao yake yako Nairobi. Hutoa kozi fupi, na hutoa pia stashahada ya usimamizi wa elimu ambayo mwalimu huisoma bila kuacha kazi, kwa moduli za kujisomea na vikao vya ana kwa ana wakati wa likizo. Walimu wakuu na manaibu wengi wa Kenya wamepitia humo. Chombo kipo, basi. Linalotusumbua ni wakati mtu anapokutana nacho, na kiunoni mwa nani kunatoka ada.

Mwalimu mkuu wa binti yetu alitualika chai ofisini kwake. Ni mzee wa Kikalenjin, mpole wa sauti, na tutamwita mzee tu kwa kuwa hakupenda jina lake litajwe. Alitueleza jinsi yeye alivyoingia katika ukuu, katika shule nyingine, miaka mingi iliyopita. Alipokea barua siku ya Jumatano. Jumatatu alikuwa kitini. Aliyemtangulia alimwachia funguo, kitabu cha hundi, na deni la mahindi na maharagwe la mihula miwili. "Nilikuwa mwalimu wa kemia," alisema. "Nilijua asidi, sikujua vocha." Kwa mwaka mzima alitia sahihi pale karani wa hesabu alipomwonyesha kwa kidole. Wakaguzi wa fedha walipokuja, karani alikuwa amekwisha hamia kwingine, na sahihi zote zilikuwa za mwalimu wa kemia. Alipoteza nywele, kwa maneno yake, na nusura apoteze kazi. Alikwenda kusoma ile stashahada baada ya hayo. "Kozi ilinifunza makosa yangu yote, moja moja, kwa majina yake."

Tulicheka pamoja naye, lakini kicheko chenyewe kina uchungu. Makosa ya mkuu anayejifunzia kazini hulipwa na watoto wa watu.

Tuitazame fedha kwanza, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa, serikali ilipanga mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka. Kwa utaratibu uliowekwa, nusu huja muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili, na asilimia 20 muhula wa tatu. Hivyo ndivyo karatasi isemavyo. Na nchi nzima yajua jinsi fedha hizo zinavyochelewa na kupungua njiani. Mwalimu mkuu hana budi kununua chaki, kulipa umeme, kumlipa mpishi na bawabu, na kusema na mfanyabiashara wa mchele aliyechoka kukopesha. Hayo yote ayafanye kwa kufuata sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, ambayo haikuandikwa ikimkumbuka mwalimu wa kemia. Binti yetu alitwambia kwamba kila Ijumaa, akisharudi kutoka sala mjini Eldoret, mzee humketisha mbele ya daftari la fedha. Humpa vocha tatu au nne, akamwambia, "Tafuta kosa." Wiki nyingine kosa lipo, wiki nyingine halipo. Miaka mitatu wamefanya hivyo. Hakuna aliyemwamuru mzee kufanya hivi, wala hakuna anayemlipa.

Bwenini tulikaa kwa muda mrefu zaidi. Wasichana walikuwa madarasani, na matroni alitutangulia. Chumba ni cha kawaida, vitanda vya chuma, blanketi nzito za bara. Binti yetu alisimama katikati akatuonyesha asichoweza mgeni kukiona, yaani kile ambacho hakimo. Hapakuwa na nondo madirishani. Milango ilifunguka kwa nje. Kati ya kitanda na kitanda palikuwa na nafasi ya mita moja na robo hivi, na vitanda kadhaa vilikuwa vimetolewa na kuwekwa stoo ili nafasi hiyo ipatikane.

Wasomaji wetu wa makamo hawahitaji kukumbushwa kwa nini. Machi 1998, huku kwetu Pwani, katika shule ya wasichana ya Bombolulu ya upande wa Kwale (si ile Bombolulu ya njia ya Malindi), moto uliwaka usiku bwenini. Milango ilikuwa imefungwa na madirisha yana vyuma. Walifariki wasichana 26. Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, wakafariki wavulana 67. Mwaka 2008 Wizara ikatoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, unaosema wazi kwamba madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, na kati ya vitanda iachwe mita 1.2. Mwongozo umekuwako miaka yote hiyo. Na bado, Septemba 2017, wasichana walikufa kwa moto katika bweni jijini Nairobi, na Septemba 2024 wakafa wavulana 21 huko Endarasha, Nyeri.

Tulimwuliza mzee nani alimpinga alipong'oa nondo. Tulidhani atasema ni bodi, kwa ajili ya gharama. Akasema ni wazazi. Wazazi walikuja shuleni wakiwa wamekasirika. Baba mmoja alimwambia kwamba amemleta binti yake mahali pa kufungwa vizuri, si pa kuachwa wazi kama soko. Mzee hakubishana naye. Aliwakalisha wote, akawaeleza habari za Kwale na Machakos, kisha akawauliza ni yupi kati yao atakayebaki na ufunguo usiku kucha. Halafu akaongeza bawabu, akainua ua wa nje, akamhamishia matroni chumba cha mlangoni. Heshima ya wasichana ililindwa kwa ua na kwa watu, na njia ya kutokea ikabaki wazi.

Haya tunayaandikia familia za Pwani kwa makusudi. Twajijua. Nasi pia tu katika wale wanaokwenda shuleni kumtaka mwalimu mkuu aweke vyuma. Na mkuu mpya, asiyefunzwa, atawezaje kuwakatalia wazee waliokuja na vilemba na hasira? Ataweka vyuma ili apate amani. Lakini aliyekwisha kumwona mkuu mwingine akikataa kwa adabu, akaona na maneno aliyoyatumia, ana pa kuanzia. Jambo hili halimo katika moduli yoyote, au kama limo, ni sentensi moja.

Kuna uzito mwingine uliozidi tangu Januari 2023. Wakati huo sekondari msingi ilianza, nayo ikawekwa ndani ya shule za msingi. Kwa usiku mmoja mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye huenda alisomea cheti cha ualimu miaka thelathini iliyopita, akajikuta akiwaongoza vijana wenye shahada, walioajiriwa kwa mikataba ya muda na wasiopenda kuwa chini yake. Mwaka 2024 vijana hao waligoma kwa majuma mengi wakidai ajira ya kudumu, na wengi wao wakidai pia wajitawale. Jopo la rais la mageuzi ya elimu, lililotoa ripoti yake Agosti 2023, lilipendekeza shule hizo ziwe shule moja chini ya mkuu mmoja. Pendekezo ni jema. Lakini huyo mkuu mmoja ni nani, na ni nani aliyemwandaa kuketi na mtu aliyemzidi elimu na kumpungukia umri? Katika shule za msingi jirani na ya binti yetu tulisikia habari za vyumba vya walimu vilivyogawanyika, huku wenye shahada na huku wenye cheti, kila upande na birika lake la chai.

Ainabkoi ina mtihani wake yenyewe pia. Upande wa Burnt Forest nyumba zilichomwa mwaka 1992, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zikachomwa tena. Watoto wanaoketi dawati moja leo ni wajukuu wa waliokimbiana. Mwalimu mkuu wa mahali kama hapa anapochagua viranja, anapotoa msaada wa karo, anapomwajiri mpishi, kila uamuzi husomwa kwa jina la ukoo. Mwaka 2018 Tume iliamua kuwahamisha walimu wakuu wasifanye kazi katika kaunti zao za nyumbani. Sera hiyo ilivunja familia nyingi ikapingwa sana, na mwaka 2023 walimu wakaanza kurudishwa. Hatuitetei. Lakini tulisikia kutoka kwa mzee mwenyewe, Mkalenjin wa huko huko, kwamba naibu kutoka Pwani amemfaa kwa njia ambayo hakuitazamia: wazazi wakigombana hupeleka shauri kwake, kwa sababu hana shamba la kugombania. Wanamwita "Mama Mombasa", ingawa kwao ni Malindi.

Sasa tuzungumze ada, maana hapa ndipo kaka yetu alipokuwa mkali. Ngazi za Tume ni ndefu. Ukuu wa juu kabisa wa shule ya upili ni daraja la D5, na kupanda daraja huhitaji miaka, mapimo ya utendaji, na usaili. Stashahada ya usimamizi humfaa anayeomba, nayo mara nyingi mwalimu hujilipia mwenyewe. Juu ya hayo, Septemba 2021 Tume ilizindua mpango wa kuwaendeleza walimu wote: moduli sita, kila moja ya miaka mitano, kwa shilingi 6,000 kila mwaka, kutoka mfukoni mwa mwalimu. Anayeimaliza safari hiyo atakuwa ametumia miaka thelathini. Vyama vya walimu vilipinga, na sisi twaona vilikuwa na haki katika suala la ada. Dereva wa serikali halipii leseni ya gari la serikali. Haifai mtu afunzwe kuwa mwangalifu wa mali ya umma kwa kumkata mshahara wake.

Wengine wamefanyaje? Majirani zetu wa Tanzania wana Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye makao makuu Bagamoyo, mji ambao kwa sisi watu wa mwambao si ugenini. Ulianzishwa kama wakala mwaka 2001 kutoka chuo kilichokuwapo hapo kabla yake, nao hutoa astashahada na stashahada za uongozi na za uthibiti ubora wa shule. Singapore, nchi ndogo ya bandari, humwondoa naibu aliyeteuliwa kutoka shuleni kwake kwa miezi sita kamili, akasome uongozi na huku mshahara ukiendelea, kabla hajapewa shule. Uingereza ilianzisha cheti cha walimu wakuu mwaka 1997, ikafika kukifanya sharti, kisha mwaka 2012 ikaliondoa sharti hilo. Hata huko bado wanabishana juu ya kiasi cha cheti na kiasi cha mazoea. Kwa maoni yetu, la kuigwa ni lile la Singapore la kufunza kabla ya kukabidhi. Kenya haiwezi kuwaondoa manaibu wote miezi sita, hilo twalielewa, kwani walimu wenyewe hawatoshi. Lakini kumweka mkuu mteule muhula mmoja kando ya anayestaafu, wakiwa wawili ofisini, hakuhitaji jengo jipya wala mkopo wa nje. Kinachohitajika ni Tume kuandika barua miezi mitatu mapema. Leo makabidhiano mengi humalizika kwa asubuhi moja, kwa orodha ya viti na meza.

Mzee wa Ainabkoi amefanya yake bila kungoja barua. Mwaka jana alianza kumwachia binti yetu aendeshe kikao cha walimu, naye akaketi kiti cha nyuma kabisa, mdomo ameufunga. Kikao cha kwanza kilikwenda vibaya. Mwalimu mmoja mkongwe alimgeuzia kiti. Mzee hakumwokoa. Baadaye, wakiwa wawili, alimwuliza maswali mawili tu: "Ulijua kabla kwamba atapinga? Mbona hukumwendea jana yake?" Tangu hapo, asema binti yetu, hajaingia kikaoni bila kujua nani anakwenda kupinga nini, na awe amekwisha kunywa naye chai. Katika bodi ya shule pia, ambako kwa sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 mwalimu mkuu ndiye katibu, humchukua akaandike kumbukumbu, ili ajue jinsi wazee wa bodi wanavyosema jambo wasilolitaka liandikwe.

Tulirudi Pwani na habari hizi tukaziweka mbele ya familia. Haikuwa rahisi. Mama yake alilia kidogo, na ana haki. Wajukuu wanakua wakisema Kikalenjin vizuri kuliko Kiswahili cha Malindi. Kaka yetu aliuliza kama mshahara wa ukuu utalipa nauli, ada na upweke. Tulimjibu kwamba hautalipa. Lakini tulimwambia pia kwamba huku nyumbani kila mwaka twalalamika barazani kuwa shule za Pwani zaletewa wakuu wasiotujua, na wakati huo huo kila kijana wetu anayepata nafasi ya kujifunza ukuu mahali pagumu twamwita arudi kabla hajaiva. Akija leo atakuja akiwa naibu kati ya manaibu. Akikaa miaka mitano akashika shule ya Ainabkoi, penye baridi, penye migawanyiko, penye mgao unaochelewa, siku atakapoomba uhamisho atatuletea kazi anayoijua. Kaka yetu alivuta kahawa yake mpaka mwisho, kisha akasema mambo mawili. La kwanza, ada ya stashahada itatoka kwake yeye baba, si kwa mume wa binti. La pili, watoto waje Malindi kila likizo ya Desemba wakae chuoni na Kiswahili kiwarudie.

Binti ameandika jina lake KEMI. Maombi ya ukuu atayapeleka nafasi zikitangazwa, na usaili ni wa Tume.

Kuna jambo moja ambalo familia zetu zaweza kulifanya bila kungoja serikali. Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale wako walimu wakuu waliostaafu, wanaume kwa wanawake, wanaokaa barazani baada ya alasiri na kusoma gazeti la jana. Wamewahi kuzima migomo, kusema na wazabuni, kuvuka miaka ya njaa bila kufunga jikoni. Manaibu wetu vijana hawawajui. Tumeanza kwa mmoja, bibi aliyeongoza shule ya wasichana kwa miaka mingi, na amekubali kumpokea binti yetu likizo ya Aprili, siku tatu, baina ya asubuhi na adhuhuri. Ameagiza aje na daftari tupu na nakala za bajeti ya shule, majina yakiwa yamefutwa. Vyeti aviache nyumbani.